Nilivyomtibu Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Nianze na lile baya zaidi, nisije nikapata nafasi ya kulikwepa. Nilimlemaza mama mkwe wangu, kisha nikamwacha mke wangu aamini kwamba ni yeye aliyefanya hivyo. Haya, nimeshasema. Sasa kaa vizuri nikueleze, maana najua unajiuliza mtu anamlemazaje mkwewe bila hata kumgusa.

Bila kumgusa kabisa! Na hilo ndilo nililokuwa najivunia siku zile. Nilijiona mtu mwenye adabu zake.

Mimi ni fundi wa matairi, Manundu, hapa Korogwe. Nilizaliwa Kerenge, nikakulia huko, nikaja mjini kufanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Nilifanya kazi pale hadi walipokuja wenye mali wapya, wakatupanga mstari, wakatuambia serikali imejitoa kwenye biashara, kwa hiyo na sisi tujitoe. Tukajitoa. Wenzangu wengi walirudi kulima. Mimi nikanunua kompresa ya upepo, nikakodi fremu ya vyumba viwili, nikaanza kuziba pancha.

Nilikuwa nimeoa Sindeni, upande wa Handeni. Mke wangu nitamwita Zubeda, ingawa si jina lake. Ukweni kwangu ni watu wa heshima, wakulima wa mahindi wenye maneno machache. Nilipoachishwa kazi hawakunicheka. Shemeji yangu mkubwa, Athumani, alisema tu mara moja, tena kwa upole, "Kwa hiyo sasa dada yetu anakula upepo." Watu wakacheka kidogo, yakaisha.

Kwao yaliisha. Kwangu mimi yaliingia kifuani yakapiga kambi.

Miaka ile, kama unakumbuka, kila kitu kilikuwa kinaingia nchini. Friji za Ulaya, baiskeli za Ulaya, nguo za kafa ulaya, hiyo mitumba. Kulikuwa na dalali mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa ananiletea matairi yaliyotumika. Siku moja alinifuata akiwa na habari nyingine. Alikuwa na mashine ya hospitali, imetoka huko nje kwenye kontena la vitu chakavu, na hakuna aliyeitaka kwa sababu hakuna aliyejua ni ya nini.

"Inatumia upepo," akaniambia. "Wewe si ndiye mtu wa upepo?"

Ilikuwa mashine ya mapigo. Nikueleze ilivyo, maana utasikia watu wakiita umeme, na wala si umeme. Kuna kishikio kama bastola. Ndani yake kuna kipande kidogo cha chuma. Kompresa inasukuma upepo, upepo unakirusha kile chuma, chuma kinagonga kichwa cha bastola, na pigo linaingia mwilini mpaka kule misuli na kano zinakoshika mfupa. Inagonga mara nyingi, haraka haraka, ta-ta-ta-ta-ta, kama cherehani yenye hasira. Inatumika kwa maumivu sugu, yale ya miaka: kisigino, bega, kiwiko. Wenye elimu yao wanasema mahali palipochoka kupona panagongwa ili mwili ukumbuke kazi uliyoiacha njiani.

Na inasaidia kweli! Sitaki useme nilikuwa tapeli tangu mwanzo. Nilikuwa tapeli baadaye.

Dalali alinipeleka kwa mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye zahanati ya watu binafsi, akanifundisha kwa siku tatu. Kitabu cha mashine kilikuwa cha lugha ya kwao, hata yeye hakukijua, lakini kazi aliijua. Alinisisitizia mambo mawili. La kwanza, anza chini kabisa, panda polepole, na usiangalie geji, mwangalie mgonjwa usoni. "Mgonjwa ndiye geji yako," alikuwa akirudia hivyo mpaka nikachoka. La pili, mahali pakiwa pamevimba na pana moto, weka chini bastola, mpeleke hospitali, kwa sababu huenda kano imeanza kuchanika na wewe utaimalizia.

Siku tatu. Kujifunza kuziba pancha vizuri kulinichukua miezi.

Nikarudi Korogwe na kiinua mgongo changu chote kikiwa kimeishia kwenye migongo ya watu wengine. Chumba cha nje kikabaki cha matairi. Chumba cha ndani nikakipaka chokaa nyeupe, nikaweka kitanda cha mbao na pazia la kitenge, nikaandikisha kibao: TIBA YA MAPIGO KWA MASHINE. MGONGO, BEGA, KISIGINO. Asubuhi naziba matairi, alasiri natibu. Mikono naosha katikati.

Walianza kuja wachache. Mama mmoja muuza maandazi, kiwiko kilikuwa hakimruhusu hata kukanda unga. Alipiga kelele wiki ya kwanza, akapiga kelele wiki ya pili, wiki ya nne akaja na sinia la maandazi akaligonga mezani kwa mkono uleule. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, kisigino, naye akapona. Basi, Manundu nzima ikaanza kuniita Dokta. Nilikuwa nawakataza. Nilikuwa nawakataza kwa sauti ya chini sana.

Nikagundua na kitu kingine. Wagonjwa waliokuwa wanasubiri nje kwenye benchi walikuwa wanaipima tiba kwa mlio. Mashine ikilia polepole, utasikia, "Leo Dokta anabembeleza." Ikinguruma, wanatikisa vichwa: "Hiyo sasa ndiyo tiba." Usilisahau hili.

Zubeda ndiye aliyeleta habari za mama yake. Mama mkwe alikuwa anaumwa nyuma ya kisigino, pale kwenye mshipa mkubwa unaopanda juu, kwa zaidi ya miaka miwili. Sindeni maji ni ya mbali, unajua Handeni ilivyo. Mama alikuwa anatembea na ndoo kichwani, anatembea kwenda shamba, anatembea kwenda gulio. Alikuwa na sifa ya kutembea. Wasichana walikuwa wanamkimbilia nyuma.

"Baba Salehe," Zubeda akaniambia, "unatibu watu usiowajua. Mama yangu anachechemea."

Sasa hapa ndipo penye kazi. Mkwe! Kwetu na kwao, mkwe si mtu wa kumgusa. Mama mkwe unamsalimia kwa mbali, macho chini. Hukai naye chumba kimoja, huli mbele yake, ukikutana naye njiani unampisha hata kama pembeni kuna miiba. Mguu wake sijawahi kuuona, na sikutakiwa kuuona. Ningemshikia bastola kisiginoni namna gani?

Mtu mwenye akili angesema, mpeleke hospitali. Mtu mwenye akili pungufu kidogo angemtafuta mwanamke mwingine, amfundishe kazi yote. Mimi nilipata wazo langu, nikaliona ni zuri mno. Mama atalala upande ule wa pazia. Zubeda atashika bastola. Mimi nitakaa upande huu na kompresa, nishike kifungo cha nguvu. Mpira wa upepo utapita chini ya pazia. Heshima imetunzwa, tiba imetolewa.

Nilijipongeza, wallahi! Nikamfundisha Zubeda jioni mbili akitumia kisigino changu mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mzuri kuliko wangu.

Mama alikuja na lori la machungwa, Athumani akiwa amemsindikiza. Nikamsalimia nikiwa nimegeukia ukuta. "Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Hamjambo? Kazi zinaendeleaje?"

"Tunashukuru mama."

Akaingizwa nyuma ya pazia. Athumani akakaa kwenye benchi nje na wagonjwa wengine. Nikawasha.

Nikaanza chini kabisa, kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza Zubeda, "Mama anasemaje?"

Zubeda akauliza kule ndani, "Mama, mkweo anauliza, unaumia?"

"Mwambie mkwe ahsante sana. Naona inasaidia."

Nikapanda kidogo. "Anasemaje?"

"Mwambie nashukuru. Inasaidia."

Nikapanda tena. Jibu ni lilelile, sauti ni ileile, tulivu, kama anayekaribishwa chai. Wenzake kwa nguvu ile walikuwa wanataja majina ya mababu. Nikajiambia, huyu mama ana kano za mkonge, pigo halimfikii.

Ndugu yangu unayesoma, fikiri kidogo tu, jambo ambalo mimi sikulifanya. Mwanamke wa Sindeni, wa makamo yale, amelala kwenye kitanda cha mkwewe, mkwewe mwenyewe yuko hatua mbili nyuma ya kitambaa, anaulizwa anaumia au haumii. Ulitaka apige kelele? Ulitaka aseme, mkwe unaniua? Angekatwa mguu mzima na bado angesema ahsante. Geji yangu niliyoambiwa niiangalie ilikuwa usoni kwake, na mimi nilikuwa nimeifunika kwa pazia la kitenge nililolichagua mwenyewe, lenye picha za tausi.

Wiki ya pili akarudi. Inasaidia, ahsante. Zubeda aliniambia jioni ile kwamba mama alikuwa anauma ncha ya khanga. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Alinikataza. Alisema usimtie mkwe wangu wasiwasi, anajitahidi."

Nilipaswa kuacha hapo hapo. Badala yake nilifurahi. Nilichosikia mimi ni lile neno la mwisho, anajitahidi.

Wiki ya tatu ndiyo naiungamia.

Mama alishuka kwenye lori akiwa anachechemea zaidi. Athumani akanisalimia, akakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu niachishwe kazi aliniita Dokta. Sijui kama alikuwa anatania. Mimi nililichukua lilivyo. Benchi lilikuwa limejaa siku hiyo, na Athumani alikuwa anawasimulia watu kwamba huyu ni shemeji yake, na anayetibiwa ndani ni mama yake mzazi.

Zubeda akatoa kichwa kwenye pazia. "Baba Salehe, pamevimba. Halafu pana moto."

Nilijua maana yake. Usinitetee kwamba sikujua. Nilisikia sauti ya yule mwalimu wangu wa siku tatu kama amesimama nyuma yangu: weka chini bastola.

Lakini kuweka chini bastola maana yake nitoke nje niwaambie watu wa kwenye benchi, na Athumani akiwa wa kwanza, kwamba mama wa mke wangu nimemzidishia ugonjwa. Nikamwambia Zubeda, "Hiyo ni damu imeanza kutembea. Ni dalili nzuri."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye daktari au wewe?"

Nilisema hivyo! Mziba pancha!

Tukaanza. Niliweka nguvu chini, kwa kweli niliweka chini. Mashine ikawa inalia polepole, ta, ta, ta. Nje nikasikia mtu anasema, "Mbona leo kwa mkwe anaogopa?" Wakacheka. Nikasikia na Athumani anacheka, kicheko kilekile cha siku ya upepo.

Zubeda akaniita kutoka ndani kwa sauti ya chini. "Mama amekaza mguu. Punguza."

"Nimeshapunguza," nikamjibu. "Wewe bonyeza tu vizuri, usilegeze mkono."

Na huku namjibu hivyo, vidole vyangu vinazungusha kifungo kupanda. Mashine ikanguruma chumba kizima. Benchi likanyamaza. Nikakaa nimeridhika kabisa, nasikiliza watu walivyonyamaza.

Tulipomaliza, mama akasema kutoka kule, "Ahsante sana mkwe wangu, Mungu akubariki." Akashuka kitandani. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu tukasikia kitu kama kijiti kikavu kikikatika. Akakaa chini sakafuni taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika.

Unajua alisema nini? Alisema, "Samahani mkwe wangu."

Samahani! Aliniomba radhi kwa kukaa kwenye sakafu yangu.

Tulimpeleka hospitali kwa toroli la matairi, nililolitandika magodoro. Daktari, wa kweli safari hii, akaubonyeza mguu, akasema kano imekatika. Akauliza ilikuwaje. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeupa mgongo ule mguu kwa heshima, nikisubiri hukumu yangu. Mama akajibu kabla sijafungua mdomo. "Nilijikwaa kizingitini, mwanangu. Uzee."

Daktari akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikasema, "Kweli, daktari. Kizingiti kile kibaya."

Alifungwa plasta kwa wiki nyingi. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umebaki kama wa kuazima. Anatembea kwa fimbo. Uani anafika, jikoni anafika, shamba la mbali hafiki tena. Maji anachotewa. Gulio analisikia kwa wenzake.

Hilo ni la kwanza. Wengi wangeishia hapo, wangesema nimekosa, nisameheni. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ileile tuliporudi nyumbani Zubeda alikaa kwenye kigoda anaangalia mkono wake wa kulia. Aliangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Ni mimi. Wewe ulipunguza. Mimi nilibonyeza sana, ndiyo maana mashine ikanguruma."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Maneno matano tu yalitosha. Nilikuwa nayo mdomoni, nakuapia.

Nikamwambia, "Usijilaumu, mama Salehe. Ni bahati mbaya. Hata mimi ningekuwa nimeshika ingetokea."

Nikampa pole! Umenisikia? Nilimpa mke wangu pole kwa kosa langu, nikamfunika na khanga mabegani, nikamchemshia chai. Alilia kwenye bega langu. Nilikuwa mume mwema sana jioni ile.

Ikawa hadithi ya nyumba. Zubeda mwenyewe alikwenda Sindeni akakiri kwa ndugu zake kwamba mkono wake ulizidi. Na mimi je? Mimi nikasifiwa! Athumani alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Shemeji, mwanaume mwingine angemtukana dada yetu. Wewe hujamwambia hata neno. Tulikukosea huko nyuma." Ile heshima niliyoitafuta kwa mashine ya kwenye kontena, nikaipata kwa kunyamaza. Nikaipokea. Nikala na pilau.

Mashine niliifunika gunia. Watu walipouliza nikasema kipuri kimekufa na hakipatikani nchini. Hata hapo sikusema kweli.

Miaka minne ikapita. Zubeda alikuwa anakwenda Sindeni kila msimu kulima shamba la mama yake. Analima, anavuna, anachota maji pipa linajaa, anafua, anapika. Anarudi Korogwe mgongo umepinda. Kila mtu alimsifu binti yule. Mimi pia nilimsifu, mbele za watu. Kila akirudi nilikuwa namuuliza mama hajambo, ananijibu hajambo, basi tunaendelea na mambo mengine.

Mavuno ya mwaka huu nilikwenda mwenyewe kusaidia kupakia magunia, yeye akiwa amebaki Korogwe na mtoto mgonjwa. Alasiri nilikuwa nimekaa kivulini nyuma ya jiko, jiko la fito na udongo. Nikasikia fimbo ndani, kisha kigoda kikivutwa. Mama mkwe akanisemesha kutoka upande wa pili wa ukuta. Si kawaida yake, na hata mimi nilishtuka nikainama kama vile ananiona.

"Mkwe."

"Naam mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka kukuuliza jambo, nisamehe. Mwanangu ana nini na mimi?"

"Kwa nini mama?"

"Hanishiki. Miaka yote hii. Ananilimia, ananifulia, ananipa maji ya kuoga mlangoni, anakimbia. Mguu huu hajaukanda hata siku moja. Majirani wananikanda, wakwe zangu wa kike wananikanda. Yeye akiniona nimeunyoosha anageuza uso. Ananiona kinyaa? Kama nimemkosea niambie wewe, maana yeye ananiambia hamna kitu."

Kuku alikuwa anaparua mbele yangu, namwangalia kuku.

Sikuwahi kujua. Miaka minne nalala na mwanamke yule, sikujua kwamba anaogopa kuweka mkono wake juu ya mama yake. Na huyu mama huku anadhani mwanawe anamchukia kwa sababu amekuwa kilema. Watu wawili wanaopendana, na mimi katikati yao nikiwa na sifa zangu.

Nikasema. Sijui nilianzia wapi. Nilimwambia ule ukuta wa udongo kila kitu, kuvimba, benchi, kicheko, kifungo. Nilimwambia nilisema nimepunguza nami napandisha. Nililia, tena ukweni, mchana kweupe!

Kisha akasema kwa utulivu uleule wa nyuma ya pazia, "Nami nilikuwa nasema inasaidia. Ningesema nini mwanangu? Wewe ni mkwe."

"Nisamehe mama."

"Mwenzako anajua?"

"Hajui."

"Hajui!" Ndiyo siku pekee niliyowahi kumsikia akipandisha sauti. Akaongeza neno la Kizigua ambalo siliandiki kwenye gazeti la watu. Kisha akasema, "Sasa unaniomba radhi mimi ya nini? Mimi ni mguu tu. Nenda nyumbani."

Nilikwenda siku iliyofuata. Magunia niliyaacha.

Zubeda alikuwa anachambua mchele. Nikakaa chini, si kwenye kiti, nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kuitwa muuaji, hata kwa sinia la mchele kichwani. Angenirushia ningeshukuru. Yeye aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akaweka sinia chini, akaifungua ile mikono, akaitazama pande zote mbili kama amerudishiwa kitu kilichoibwa.

"Miaka minne," akasema, "nimeogopa kumshika mama yangu."

Akafunga khanga zake na nguo za mtoto. Nikamuuliza atarudi lini. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kwa lugha ya kile kitabu cha mashine. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari la Handeni, nimembebea begi, naye alinipokonya begi kabla ya kupanda.

Huu ni mwezi wa tatu tangu aondoke. Athumani alipita Manundu juzi. Hakuniita shemeji wala Dokta wala jina. Alisimama mbali na matairi, akaniambia alichotumwa kuniambia, kwamba mtoto amepona na hawahitaji kitu. Nikamuuliza Zubeda anaendeleaje. Akanihurumia kidogo. Akasema kila jioni anachemsha maji, anamkalisha mama yake mlangoni, anauweka ule mguu mapajani kwake na kuukanda mpaka giza linaingia. Akasema wanacheka sana. Hakusema wanamcheka nani.

Sikuandika ili nisifiwe kwa kukiri, sifa za aina hiyo nimekwisha kuzila na najua zinavyokaa tumboni. Nimeandika kwa ajili yako wewe uliyefanya lako, na ukaona kuna mtu mwingine ameinama kulibeba, labda mkeo, labda mdogo wako, labda mfanyakazi wako, nawe unamwekea khanga mabegani na kumwambia asijilaumu. Usimpe pole! Mwambie ni wewe. Mwambie leo, angali anauliza, kabla hajazoea kuitazama mikono yake kama mikono ya mtu mbaya.